Mtoto wa Jirani Yako

Busia, Kenya
3 Februari 2024

Kwa Mama Phiona,

Salamu. Najua mwandiko huu utautambua kabla hujafika kwenye jina, na huenda ukataka kuichana karatasi. Nakuomba usome kwanza, uchane baadaye. Nilijaribu laini yako ya zamani, haipatikani. Ndipo nikakutana na Abdijabar, dereva wa lori anayeleta saruji Juba, akaniambia kwamba huwa anakula kwako pale bandarini. Barua hii nimempa mkononi.

Sisi hapa tu wazima. Phiona yuko kidato cha pili, anasoma vizuri, anakusalimu sana. Josline pia anakusalimu, kama utaipokea salamu yake.

Nimekuandikia kwa sababu ya jirani yangu hapa. Ana mtoto anaumwa tumbo, pale juu ya kitovu, na maumivu yanapenya hadi mgongoni. Yakimshika hujikunja sakafuni, akakataa hata kuguswa. Amekonda sana. Anakunywa maji bila kutosheka. Zahanati walimpima damu wakasema ni kisukari, wakampa vidonge, wakamwambia apunguze chakula. Nafuu hapati. Juzi amepigwa picha ya tumbo, ikaonekana kongosho lina mawe. Niliposikia neno hilo nilikukumbuka wewe.

Jirani huyu ni mtu mwema na ananitegemea. Naomba uniambie wewe ulitibiwa wapi, ugonjwa wako uliitwaje mwishowe, na ni dawa gani iliyokuinua, maana Abdijabar anasema unasimama jikoni kutwa nzima na una nguvu. Namba yangu nimeiandika nyuma.

Wako,
Okumu


Juba
21 Februari 2024

Bwana Okumu,

Mama Phiona ulimfukuza wewe mwenyewe, usimwite tena. Mimi ni Namutebi. Namba yangu sikupi. Ukitaka kitu kwangu, andika. Lile jambo ulilisema kwa mdomo, na mdomo hukana. Sasa nataka mkono wako.

Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, wewe Msamia na mimi Muganda, kwa hiyo nitakiandika wazi usije ukasema hukuelewa.

Unaukumbuka ua wa Emilio hapa Juba, mtaa wa Kator? Ilikuwa Jumapili baada ya misa, chama chetu cha kuzikana kimekaa, Emilio mwenyekiti yuko mbele, wanawake tumekaa kwenye vibao upande wa jiko. Mimi nilikuwa nimetoka kupigwa picha ya tumbo wiki hiyo. Nilikuwa sina mwili, nguo zinanining'inia, nimekuja tu kwa sababu sikutaka watu waseme nawakimbia. Ukasimama. Ukasema, "Mke wangu mnamwona anakauka. Mmedhani ni ukimwi. Si ukimwi, ni pombe. Daktari ameona mawe ya pombe kwenye kongosho lake." Kisha ukatoa chupa ya araki kwenye mfuko wa plastiki, ukasema umeikuta chini ya kitanda chetu, chini ya nguo za mtoto.

Mimi sijawahi kuonja hata bia, Okumu. Wewe ulilijua hilo kuliko mtu yeyote wa pale.

Proscovia alikuwa amekaa karibu nami, goti kwa goti. Alikivuta kibao chake kando. Mwingine naye akavuta. Nikabaki katikati ya ua kama kitu kilichomwagika. Emilio akasema mlevi halei mtoto, Phiona aende na baba yake. Jina langu likafutwa, nikaambiwa nikifa nijipeleke mwenyewe kwetu. Mwezi haukuisha, ukapanda basi na mwanangu na huyo Josline wako.

Sikuondoka Juba. Nilibaki makusudi, ili kila wakinikuta sokoni wanione nimesimama.

Sasa unaniomba dawa ya ugonjwa wa walevi? Mwulize jirani yako kama mtoto wake anakunywa. Ukishamwuliza, niandikie chupa ile ilitoka wapi. Ukiniandikia ukweli, nitafikiria.

Namutebi


Busia
9 Machi 2024

Ndugu Namutebi,

Barua yako nimeisoma. Sikatai kwamba uliumia. Lakini hata mimi nilikuwa kwenye giza. Daktari yule alinivuta pembeni akaniuliza, "Mkeo anakunywa?" Mtu akiulizwa hivyo na daktari, moyo hubadilika. Nilikasirika, nikasema kwa hasira. Kuhusu chupa, ni miaka mingi sasa, sikumbuki sawasawa. Nyumba ile ilikuwa na wageni wa kila namna.

Tuyaache hayo kwanza. Mtoto anazidi. Ndiyo, nao waliulizwa kama anakunywa pombe. Yule mpiga picha alisema mawe hayo ni ya pombe tu, aache kunywa kwa siri, basi. Mtoto huyu hajawahi kuigusa. Ni mtoto wa kwaya. Tangu siku hiyo amekuwa hasemi.

Wanampa uji mwepesi tu, kwa kuogopa sukari. Akienda chooni, kinachotoka kina mafuta, kinaelea. Sketi yake ya shule wanaibana kwa pini mbili, na bado inashuka. Juzi alianguka akienda kuoga.

Nakuomba, Namutebi. Usimwadhibu mtoto kwa ajili yangu. Niambie jina la ugonjwa tu, mengine nitatafuta.

Okumu


Juba
25 Machi 2024

Bwana Okumu,

Hukumbuki. Basi na mimi sikumbuki jina la ugonjwa.

Nitakuambia ninachokumbuka. Baada ya ninyi kwenda, nilianguka hapa bandarini katikati ya magunia ya mtama, tishari likiwa linapakuliwa. Dut, msimamizi wa wapakuzi, Mdinka ambaye hakuwa ananijua, alinibeba begani kama gunia mojawapo akanifikisha hospitali. Pale kulikuwa na daktari mmoja mama mtu mzima. Akaitazama picha, akaniuliza swali lile lile, "Unakunywa?" Nikasema hapana. Akasema, "Nakuamini." Neno moja hilo. Wewe uliyelala nami kitanda kimoja ulishindwa kulitoa.

Alinikalisha akanieleza yote. Ugonjwa una jina. Una dawa, na dawa yenyewe haiko mbali. Yangu iko hapa ndani ya mtungi wa maji, imefungwa vizuri isiguse joto. Kila asubuhi nikiitoa nakukumbuka, na si kwa wema.

Kwa hiyo tusidanganyane. Naijua njia ya kumsaidia huyo mtoto, na sikwambii. Jirani yako naye akae usiku na mtoto anayejikunja, asijue la kufanya, ajue ladha yake. Wewe umtazame kila siku ukijua kwamba dawa iko kwa mwanamke uliyemwita mlevi. Nimeingoja siku hii, ssebo, bwana mkubwa. Imekuja yenyewe, sikuitafuta, na siiachi ipite.

Masharti yangu ni haya. Uje Juba. Usimame ua ule ule, mbele ya wale wale, useme chupa ilitoka wapi. Siku nitakayokusikia kwa masikio yangu, jina la ugonjwa na la dawa utayapata hapo hapo, na jirani yako atapona.

Usiniandikie tena habari za sketi na pini. Huyo mtoto simjui. Sitaki hata kujua jina lake.

Namutebi


Busia
13 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Jina lake ni Phiona.

Mama Josline alinipa barua zako mbili jana, baba alipokwenda mjini. Alisema, "Soma, mimi nimechoka kuzificha." Kisha akaenda kukaa nje. Baba alisema anakuandikia upate kutusaidia. Hakusema kwamba ameniita mtoto wa jirani. Nadhani aliogopa ukijua ni mimi utakuja kunichukua. Au aliona haya, sijui. Hapa kwetu watu hawasemi mambo mpaka yaoze.

Nilikuwa naamini ulikuwa mlevi. Nisamehe. Niliambiwa nikiwa mdogo, na sikumbuki ukinywa, lakini nilikumbuka ukilala mchana na ukitapika, nikaona basi ndiyo hiyo. Shuleni wakiniuliza mama yako yuko wapi, nilisema amekufa.

Halafu yule mtu wa picha akaniuliza kama nakunywa pombe. Nilimtazama baba nikingoja aseme, "Huyu ni mtoto wangu, namjua." Baba aliinamisha kichwa. Hapo ndipo nilipojua kuhusu wewe, kabla hata ya kusoma barua yoyote.

Naandika pole pole kwa sababu jicho la kushoto lina ukungu. Njaa inaniuma, lakini wanasema nikila sukari itanimaliza. Nikila kidogo tumbo linakata. Sijui nifanye lipi.

Sikulaumu kwa uliyoandika. Hata mimi ningekasirika. Nilitaka kuuliza tu, ni lazima baba aje Juba kwanza ndipo nipate dawa? Kwa sababu baba anaogopa sana, na mimi sidhani kama nitaweza kungoja mpaka aache kuogopa.

Mwanao,
Phiona


Juba
20 Aprili 2024

Phiona mwanangu,

Ile simu ya leo asubuhi kwa namba ya Josline uliyoniandikia nyuma ya barua, iliyolia kisha ikanyamaza, ilikuwa yangu. Ulipokea wewe. Nilikusikia ukisema "haloo" mara mbili, nikakata. Baadaye nimepiga tena nikasema na Josline mwenyewe, nimemweleza la kufanya leo leo: akupeleke hospitali kubwa Eldoret, asingoje mtu. Nimemtajia jina la ugonjwa alipeleke kwa daktari kama nilivyopewa.

Nawe ulijue. Ni kisukari kinachoanzia kwenye kongosho. Kipo katika nchi zetu za joto, huwashika vijana na watu wembamba ambao hawajui pombe. Kongosho hujenga mawe ndani yake, likaacha kutoa kile kitu cha kushusha sukari, likaacha pia kusaga mafuta. Ndiyo maana chakula kinapita bila kukufaa. Kwa nini huja, wenyewe madaktari hawajamaliza kujua. Daktari wangu aliniambia mara nyingine huzunguka ndani ya ukoo mmoja. Niliyasikia hayo kwa masikio yangu, nikasoma habari za sketi na pini, na bado sikujiuliza.

Usinyimwe chakula. Ule. Kapsuli za kusaidia kusaga chakula nimempa Abdijabar anayetangulia leo, zimeze pamoja na chakula, daktari akikubali. Sindano sikutumii, hiyo lazima wakupime kwanza wajue kiasi chako. Usiogope sindano, bambi, mtoto wangu. Haiumi kama kuitwa mwongo.

Napanda basi kesho.

Mama yako

Karatasi hii ya chini mpe baba yako:

Okumu. Mimi nakuja kwa mwanangu, na sitaki kukuona. Kwa hiyo wewe njoo Juba. Tutapishana njiani. Nenda ua wa Emilio ukaseme. Sitakuwepo kukusikiliza, na siuzi tena dawa kwa maneno yako. Lakini utakwenda. Usipokwenda, Phiona atajua kwamba hukwenda.


Juba
19 Mei 2024

Namutebi,

Ulisema nisipige simu, niandike. Naandika nikiwa kwenye kibanda chako, juu ya gunia la maharage.

Nilifika nikakaa siku kadhaa nyumba ya wageni nikitafuta ujasiri, sikuupata. Jumapili nilikwenda bila huo ujasiri. Ua haujabadilika. Emilio amezeeka, anatumia fimbo. Waliponiona walifurahi, wakanipa kiti, wakaniuliza habari za Busia, na kukaa kwenye kiti kile kulikuwa kugumu kuliko kusimama.

Nilisimama nikasema, "Nimekuja kwa habari ya chupa." Emilio akauliza, "Chupa ipi?" Nikajua kwamba wao walikuwa wameisahau, tunaoikumbuka ni wewe na mimi tu.

Nikasema yote, na hapa nakuandikia kwa mkono kama ulivyotaka. Chupa ile niliinunua mwenyewe kwa mama mmoja mpika araki njia ya Rejaf. Nilimwaga nusu yake ili ionekane imenyweka. Niliiweka chini ya nguo za Phiona nikaitoa tena. Nilikuwa namtaka Josline, na sikutaka watu waseme nimemwacha mke mgonjwa. Mke mlevi huachwa bila lawama. Daktari aliponiuliza kama unakunywa, nilimjibu, "Ndiyo, sana." Sikumwacha hata akuulize wewe. Hilo hukulijua. Kama ningesema hapana, labda angeendelea kutafuta.

Proscovia alisimama. Nilidhani atanipiga. Akasema, "Uongo uliusema wewe, lakini vibao tulivivuta sisi. Nitamwambia mwenyewe akirudi." Kisha akaketi akageuza uso, na wanawake wengine wakageuza.

Emilio aliinuka kwa fimbo yake. Akasema, "Okumu, jina la Namutebi linarudi leo. Lako halimo tena. Ukifa katika mji huu, hakuna mkono wa chama hiki utakaokugusa." Walitoka mmoja mmoja. Hakuna aliyeniaga.

Nikaja bandarini, nikifikiri nitakaa mahali ambapo hakuna anayenijua. Dut alikuwa ameshasikia. Akaniambia, "Watu wangu wanapakua tishari na hawajala. Mpishi wao yuko hospitali kwa ajili yako. Pika." Nimepika. Maharage yameungua, na wamenicheka kwa Kidinka na kwa Kiarabu, nami nikawapakulia.

Nataka kurudi nimwone Phiona. Nakuomba ruhusa. Je, ananiulizia?

Okumu


Eldoret
2 Juni 2024

Okumu,

Barua yako Phiona ndiye aliyenisomea, kwa jicho moja, kwa sababu mimi nilikuwa nashika trei ya chakula chake. Sikumficha. Alipofika kwenye nusu uliyomwaga, nilimwambia arudie. Akarudia. Ilikuwa tamu, sitakudanganya. Miaka yote hii nilijua ladha yake itakuwa hivyo na haikunipita hata tone.

Halafu daktari akaingia kuongea na mimi, na ule utamu ukakaa mdomoni bila mahali pa kwenda.

Amesema hivi. Sukari inashuka, sindano zimemkubali. Kapsuli zinafanya kazi, kilo zinarudi, maumivu yanakuja lakini hayamlazi chini. Atachomwa sindano maisha yake yote kama mimi. Jicho la kushoto limeingia mtoto wa jicho, kwa sukari iliyokaa juu muda mrefu. Wataweza kulipasua akipata nguvu, lakini hawaahidi. Na miguu yake imekufa ganzi vidoleni, hiyo hawajui kama itarudi. Nikamwuliza kama angeletwa mapema ingekuwaje. Alinitazama akaona mama aliyechoka, akasema, "Tusiangalie nyuma." Ndivyo madaktari wanavyosema ndiyo.

Kwa hiyo nimeangalia nyuma mwenyewe. Februari ulinificha jina lake. Machi nilikataa kulijua. Mimi nilikuwa na dawa ndani ya mtungi na mwanangu anakunywa uji mwepesi, nami nikakuandikia kwamba siku imekuja. Langu nitalibeba, na nimeshamwambia Phiona kwa mdomo wangu. Lako usiniletee tulibebe pamoja. Mimi si mkeo.

Na lile la kumjibu daktari "ndiyo, sana", hilo sikulijua, ni kweli. Nilidhani nimemaliza kukuchukia. Umeniongezea.

Ruhusa unayoniomba sina mimi. Anayo Phiona. Amesema usije sasa. Hakusema usije kabisa, ila mimi ningependa aseme hivyo, nawe ujue kwamba ningependa. Josline amekuwa akilala hapa chini ya kitanda kwa zamu na mimi. Hatuongei sana. Ameniambia anarudi kwao. Hayo ni yenu.

Phiona akitoka hapa, tunakwenda wote Juba. Ameuliza kama huko kuna shule na kwaya, nikamwambia zipo. Proscovia amenipigia. Nimemsikiliza, sijamjibu. Mpaka tutakapofika, wewe pika. Maharage uyaloweke usiku, na usiwape wapakuzi chakula kilichoungua, wale ni watu. Siku tutakayoingia mjini, uwe umeshaondoka.

Leo asubuhi amejichoma sindano mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nilinyoosha mkono nimsaidie, hakunipa. Alipomaliza akaniuliza, "Mama, unamchukia baba?" Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza, "Na mimi inabidi nimchukie?" Nikamwambia sijui, atafute mwenyewe, nisije nikamjibia.

Akasema, "Basi ngoja nile kwanza."

Akala ugali wote na samaki mzima, akanyonya na miiba.

Namutebi